Askari Si Malaika

Chukua, msomaji, mfano wa nyumba moja ya askari. Bwana ni koplo kambini Jinja, na bibi anakaa na watoto kwao Mbale, chini ya Mlima Elgon. Siku moja mtoto wao mchanga anaugua na kufariki. Habari inapomfikia baba, yuko zamu. Ruhusa inachelewa, na anapoteremka kwenye basi mtoto amekwisha zikwa siku mbili. Anaingia ndani, anasalimia wazee waliokaa matangani, anavua buti na kuzipiga rangi. Anauliza kama karo ya wakubwa imelipwa. Usiku unapoingia, mkewe anamwambia:

“Baba Nambozo, hujauliza hata kaburi liko wapi.”

“Hiyo ni amri ya Mungu, Mama Nambozo,” anajibu. “Mimi ni askari. Askari halii.”

Jumapili anapanda basi na kurudi kazini. Bibi anabaki na maneno hayo, na kila akiyapindua hayakai sawa. Majirani wanamfariji kwa kumwambia kuwa mtoto amekuwa malaika. Yeye anaona kwamba aliyegeuka kuwa malaika si mtoto, bali ni mumewe.

MJUMBE ASIYECHOKA

Neno malaika limekuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na Kiebrania kina ndugu yake. Maana ya asili ni moja: aliyetumwa, mjumbe. Wayunani nao walimwita kiumbe huyo kwa neno lao lenye maana ya tarishi. Malaika akipewa amri huondoka. Akifika hutoa ujumbe. Akimaliza hurudi kwa aliyemtuma. Hali wala hanywi, hadai mshahara wala likizo, na hana mke anayemngojea dirishani. Waislamu hufundishwa kwamba malaika wameumbwa kwa nuru na hawamwasi Mwenyezi Mungu katika jambo lolote analowaamuru.

Si ajabu basi kwamba wakubwa wengi wa dunia wametamani kuwa na askari wa namna hiyo, na kwamba askari wengi nao wametamani kuwa viumbe wa namna hiyo. Utii ni nguzo ya kazi ya bunduki. Hakuna jeshi wala polisi mahali ambapo kila mtu hujadili amri. Swali ni jingine: je, utii huo unamtaka mtu aondoe moyo wake, au unamtaka autawale?

Iko hadithi ya kale inayojibu swali hilo. Katika Kurani, Sura ya Al-Baqara, wametajwa Haruti na Maruti katika mji wa Babeli. Baadhi ya wafasiri wa zamani walisimulia kwamba malaika waliwatazama wanadamu, wakastaajabia dhambi zao. Wakaambiwa kwamba wao pia wangefanya vivyo hivyo kama wangetiwa matamanio ya kibinadamu. Wakachaguliwa wawili walio bora, wakashushwa duniani wakiwa na moyo wa mtu ndani yao. Haukupita muda wakajua tamaa, wakajua ulevi, wakajua hofu ya kufichuliwa, na hofu hiyo ikawafikisha kwenye kuua. Ndipo wakajua jambo ambalo hawakulijua mbinguni: majuto.

Wanazuoni wengi wameikataa hadithi hiyo, kwa sababu malaika hawaasi, na wamesema ilitoka katika masimulizi ya mataifa mengine. Kama fundisho la dini, basi, mtu asiishike. Lakini kama fumbo kuhusu wanadamu, ina jambo la maana. Wale wawili hawakuanguka kwa kuwa moyo ni kitu kibaya. Walianguka kwa kuwa walipewa moyo wasioujua, na walikuwa wamezoea kuwadharau wenye nao. Wakristo nao husoma katika waraka wa kwanza wa Petro kwamba yako mambo waliyopewa wanadamu ambayo hata malaika hutamani kuyachungulia. Ikiwa malaika anayatamani, kwa nini mwanadamu ayatupe?

MTU ALIYETUMWA MARA NYINGI

Nchi ya mashariki ya Uganda ina kisa chake cha kweli cha mjumbe aliyetumwa, akatii, na mwishowe akagundua kuwa ana moyo. Huyo ni Semei Kakungulu, ambaye hakuna mtu wa Mbale wala wa Jinja asiyemsikia.

Kakungulu alianza utumishi katika jumba la Kabaka Mwanga. Katika vita vya dini vya Buganda alijulikana kuwa jemadari shujaa wa upande wa Waprotestanti, akapanda hata kufikia cheo cha Kimbugwe, mojawapo ya vyeo vikubwa kabisa vya ufalme. Serikali ya Waingereza ilipoingia, alikuwa mkono wake wa kuume katika vita vya kaskazini na mashariki. Mwezi wa Aprili 1899, yeye na wapiganaji wake walikuwa pamoja na kikosi cha serikali kilichowakamata wafalme wawili huko Lango: Omukama Kabalega wa Bunyoro, aliyekuwa na jeraha la risasi mkononi, na Kabaka Mwanga mwenyewe. Yaani yule mtumishi alisaidia kumkamata bwana wake wa zamani. Mwanga akapelekwa mbali, katika visiwa vya Shelisheli, akafia huko mwaka 1903.

Hapa asome kwa utulivu kila aliyewahi kupewa amri nzito. Vitabu vya historia huandika tarehe ya kukamatwa kwa mfalme, lakini usiku wa yule aliyemkamata haumo vitabuni. Malaika angeweza kulala baada ya kazi hiyo. Mwanadamu aliyewahi kupiga magoti mbele ya mfalme yule, akala chakula cha jumba lake, ana hesabu nyingine ya kufanya.

Baada ya hapo Kakungulu alitumwa Bukedi. Alijenga ngome, akafungua njia, akatawala kwa mkono mzito, na watu wa nchi hiyo waliumia sana chini ya wapiganaji wake. Haifai jambo hilo kufichwa. Yeye mwenyewe aliamini kwamba ameahidiwa ufalme wa nchi alizoziteka. Badala yake, mwaka 1902 aliondolewa katika makao yake ya Budaka, akapewa maili ishirini za mraba za ardhi mahali palipokuja kuwa Mbale. Mji unaoonekana leo ulianzia katika maskani yake na ya wafuasi wake.

Hata hivyo utumishi wake ulikuwa haujaisha. Mwaka 1906 alipelekwa Busoga, ambako makao ya wilaya yalikuwa Jinja, awe rais wa baraza la machifu. Hiyo ilikuwa miaka ya misiba. Ugonjwa wa malale ulikuwa umekwisha kuua watu wengi mno kandokando ya Ziwa Nyanza, na serikali ikaamuru waliosalia kuhamishwa kutoka ukingoni. Mwaka 1908 njaa nayo iliipiga Busoga. Katika wakati wa namna hiyo mtumishi wa serikali hukutana uso kwa uso na mama anayeambiwa aache kaburi la watoto wake na shamba lake, kwa amri ambayo hata kama ina faida, inauma. Mwaka 1913 Kakungulu aliacha kazi hiyo, akarudi Mbale.

IMANI INAPOSHINDANA NA AMRI

Mwaka 1914 lilizuka Buganda dhehebu jipya lililoongozwa na Joswa Kate, chifu mwenye cheo cha Mugema, pamoja na mwalimu aliyeitwa Malaki Musajjakawa. Wafuasi wake waliitwa Bamalaki. Malaki ni jina la nabii, na katika Kiebrania maana yake ni mjumbe wangu. Ni neno lile lile la ukoo mmoja na malaika. Basi Kakungulu, aliyekuwa mjumbe wa wafalme na wa magavana, alijiunga na watu waliobeba jina la mjumbe wa Mungu.

Bamalaki walikataa dawa za aina yoyote, wakisema kuwa mponyaji ni Mungu peke yake. Kutokana na hayo wakagombana na serikali juu ya chanjo, za watu na za ng’ombe. Kwa mara ya kwanza yule mtu wa kutii alisema hapana.

Haifai kumsifu kwa kila jambo katika hapana hiyo. Ng’ombe asiyechanjwa huambukiza zizi la jirani, na mtoto asiyechanjwa hulipa deni la imani ambayo hakuichagua. Imani inayomfanya mtu asisikie kilio cha jirani imepata kosa lile lile la utii unaomfanya mtu asisikie kilio cha jirani. Yote mawili huanzia pale mtu anapojiona kuwa yeye ni mjumbe tu, na kwamba matokeo ni juu ya aliyemtuma.

Lakini Kakungulu hakukomea hapo. Aliendelea kuisoma Biblia, hasa Agano la Kale, akaona kwamba tohara imeamriwa. Alipoambiwa na wenzake kuwa hayo ni mambo ya Wayahudi, alijibu kuwa basi na yeye atakuwa Myahudi. Mwaka 1919, akiwa mtu mzima wa umri wa miaka hamsini hivi, alitahiriwa pamoja na wanawe. Akakaa Gangama, karibu na Mbale, akaanzisha jumuiya ya Bayudaya, na mwaka 1922 akatoa kitabu cha Kiganda cha kanuni na sala. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Jumuiya yake ndogo haikufa pamoja naye. Katika miaka ya 1970 serikali ya Idi Amin iliwapiga marufuku wasiabudu kwa namna yao. Wengi waliacha, wachache wakaendelea kwa siri, na baada ya 1979 wakarudi kusali hadharani. Hata leo wako katika kilima cha Nabugoye nje ya Mbale.

Tazama sasa jambo moja. Tarehe 6 Aprili 1923 Omukama Kabalega, aliyekaa uhamishoni karibu miaka ishirini na minne, alikuwa njiani kurudishwa kwao Bunyoro. Hakufika. Alifariki Mpumudde, mjini Jinja. Na neno hilo, Mpumudde, maana yake ni nimepumzika. Siku hiyo yule aliyeshiriki kumkamata alikuwa hai, mbali kidogo tu upande wa mashariki, hana tena upanga wala cheo cha Busoga, ameshika kitabu chake cha sala. Mmoja alikuwa amemaliza kifungo, na mwingine alikuwa amemaliza utumishi. Mwanadamu hupumzika mahali moyo wake ulipofika, wala si mahali amri ilipokomea.

MOYO USIOSIKILIZWA

Hayo ni ya jemadari mmoja. Askari wa kawaida nao wana historia yao katika nchi hii hii ya Busoga. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliokuwa katika jeshi la serikali waliasi, wakaishika ngome ya Luba huko Bukaleba, ukingoni mwa ziwa. Walikuwa wamepigana vita baada ya vita na kutembea safari zisizokwisha. Mshahara ulikuwa mdogo na ulichelewa, na mara hiyo walitakiwa kwenda safari ndefu nyingine wakiwaacha wake zao na watoto. Wazungu watatu waliokuwa mikononi mwao waliuawa, na wengi zaidi wa kila upande walikufa kabla ya maasi kuzimwa mwaka uliofuata.

Miaka mingi baadaye, mwezi wa Januari 1964, askari wa kambi ya Jinja waligoma wakidai mishahara na vyeo, wakamzuia Waziri Felix Onama aliyekwenda kusema nao. Wiki hiyo hiyo maasi yalikuwa yametokea Tanganyika, na Kenya nayo yalifuata.

Kuasi ni kosa, na hakuna nchi inayoweza kuishi kwa maasi. Damu iliyomwagika Bukaleba haikumlisha mtoto wa askari hata mmoja. Lakini mkubwa mwenye busara huuliza pia ni nini kilichotangulia kosa. Malaika hana mshahara, hana mke, hana mtoto mgonjwa. Mkubwa anayemhesabu askari wake kama malaika atashangaa siku moja kumkuta ana tumbo, ana nyumba, na ana hasira. Ofisa anayetoa ruhusa ya msiba mapema, anayeuliza hali ya mama watoto, na anayehakikisha mshahara umefika siku yake, halegezi amri. Anaitia nguvu.

KUSIMAMA NA KUKAA

Iko mila moja ya Bugisu inayofahamika mbali, nayo ni imbalu, tohara ya vijana, ambayo hufanyika kila baada ya miaka miwili na kufunguliwa rasmi katika uwanja wa Mutoto karibu na Mbale. Kijana husimama uani kwa baba yake, mbele ya ukoo mzima, na kisu kinapopita hatakiwi kupepesa jicho. Akitetemeka, aibu ni ya ukoo wote. Watu wengi wakiitazama huona hilo tu, wakadhani kwamba mila hii hufundisha kutokuwa na maumivu.

Wasiondoke mapema. Kazi inapokwisha, kijana hukalishwa kwenye kiti, akafunikwa nguo, na watu wake wakamzunguka kwa furaha na zawadi. Kwa siku zinazofuata kidonda chake huangaliwa, na yeye hulishwa. Wazee waliokataza kupepesa jicho ndio hao hao walioamuru kiti kiwekwe. Walijua kwamba ushujaa wa kusimama una muda wake, na kwamba anayebaki amesimama wima baada ya kukatwa, bila kukaa na kufungwa kidonda, atavuja damu hata afe.

Askari wengi husimama vizuri sana, lakini hawakujifunza kukaa. Wameona ajali barabarani, wameokota maiti majini, wamezika wenzao, kisha wakarudi nyumbani wakiwa bado wamesimama. Ndipo uchungu hutafuta mlango mwingine: chupa, kofi kwa mtoto, kimya cha wiki nzima. Mke hudhani amechukiwa. Watoto hujifunza kutambua mlio wa buti na kutawanyika. Kumbe ndani ya mtu yule mna kidonda kisichofungwa.

Dini zote zinazohubiriwa Mbale na Jinja hazikumkataza mwanamume machozi. Waislamu wanajua kwamba Mtume Muhammad alimlilia mwanawe Ibrahimu alipofariki mchanga. Wakristo wanajua kwamba Yesu alilia kaburini kwa Lazaro. Hao walikuwa wametumwa kuliko koplo yeyote alivyotumwa, na ujumbe wao haukupungua kwa machozi. Kusema “ni amri ya Mungu” ni neno la imani likitoka baada ya kulia au katikati ya kulia. Likitumika ili kumnyamazisha mama aliyefiwa, haliwi imani tena.

Mke wa askari naye ana sehemu yake. Asingoje mume aanze. Wengi hawajui maneno ya kuanzia, kwa kuwa tangu kuingia chuo cha mafunzo walifundishwa kujibu, hawakufundishwa kueleza. Maji ya kuoga yaliyowekwa tayari, sahani ya matoke na malewa, na swali moja dogo watoto wakiisha lala, huweza kufungua mlango ambao lawama hazikuufungua. Naye mume akijibu kwa sentensi moja tu usiku huo, aachwe. Kesho atasema mbili.

Turudi kwa koplo wetu. Mwezi wa pili anapata likizo, anapanda tena basi la Mbale. Safari hii havui buti kwanza. Anasimama uani, kofia mkononi, anasema kwa sauti ya chini:

“Mama Nambozo, nionyeshe.”

Wanapita nyuma ya migomba mpaka kwenye kilima kidogo cha udongo ambacho mvua imekwisha anza kukisawazisha. Koplo anachuchumaa, anarudisha udongo mahali pake kwa mikono yake, na mabega yake yanatikisika. Mkewe anaketi karibu naye. Nambozo, mwenye miaka sita, aliyewafuata kimya, anamwona baba yake kwa mara ya kwanza.

Jumatatu koplo yuko gwarideni Jinja, buti zinang’aa. Amri inatolewa, naye anaitii kama zamani.